Mshipi wa Besi Kwenye Majani: Dalili, Chanzo na Tiba

Mvuvi wa Mombasa akipanda treni pale Miritini kwenda Ziwa Naivasha kutafuta besi, samaki wa maji baridi anayependa kujificha majanini, mara nyingi hubeba mshipi wa bahari pamoja na mazoea ya bahari. Huku kwetu mshipi huchaguliwa kwa kumtazama samaki. Ukienda kwa changu unachukua mwembamba, ukienda kwa kolekole unaongeza unene, na ukimtamani nguru unafikiria waya kwa sababu ya meno yake. Kwa besi hesabu hiyo haifai. Besi hana meno ya kukata mshipi, na uzito wake si wa kutisha. Wawili wanaoshikilia rekodi ya dunia, yule wa George Perry aliyevuliwa Georgia, Marekani, mwaka 1932, na yule wa Manabu Kurita wa Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009, kila mmoja alikuwa na kilo 10 na kidogo tu. Hata hivyo wanaomvua besi kwenye majani hutumia mishipi ya kilo 23 hadi 30. Kilo zinazozidi ni za majani.

Hilo ndilo la kushika unapotafuta chanzo cha tatizo lako hapa chini. Besi alipandikizwa Naivasha mwaka 1929, akitoka Marekani, kwa ajili ya wavuvi wa kujifurahisha. Hupenda kivuli: pembezoni mwa mafunjo, chini ya gugu maji linaloelea, na tangu ziwa lilipopanda miaka ya karibuni, katikati ya migunga iliyofia majini. Majani laini, mashina magumu na miti mikavu ni maadui watatu tofauti, na mshipi unaomshinda mmoja unaweza kushindwa na mwingine. Anayetaka kujizoeza karibu na nyumbani atapata matete ya kutosha Ziwa Jipe, kule Taita Taveta, ila huko avue tilapia.

Kwanza ujue umeshika mshipi gani

Madukani kuna aina tatu. Nailoni ya uzi mmoja, ile tunayoiita mono, ndiyo kila mtu anaijua. Florokaboni inafanana nayo kwa macho lakini ni nzito na ngumu zaidi. Ya tatu ni mshipi wa kusuka, nyuzi nyembamba za plastiki zilizosukwa pamoja, laini mkononi na hauna mng'ao.

Kama lebo imetoka, tumia ndoo ya maji. Kata vipande vifupi, vizamishe kwa kidole ili ngozi ya maji isivibebe, halafu uangalie. Wa kusuka utarudi juu. Florokaboni itashuka moja kwa moja. Nailoni itasitasita na kushuka polepole. Ukiona vyaelea vimeundwa, na huu wa kusuka umeundwa kwa plastiki nyepesi kuliko maji, jambo litakalokusaidia sana tukifika kwenye chura wa mpira, chambo bandia cha kuburuta juu ya majani.

Dalili: samaki ameshika, akaingia kwenye majani, hatoki

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Unamhisi, anapiga kichwa mara mbili, kisha fimbo inapinda na kutulia. Hujui tena kama unavuta samaki au shamba.

Mara nyingi chanzo ni nailoni. Nailoni huvutika, inaweza kurefuka zaidi ya asilimia 20 kabla ya kukatika. Baharini tabia hiyo ni rafiki, maana kolekole akikurupuka mshipi unapokea mshtuko. Kwenye majani ni hasara. Chambo kikiwa umbali wa mita 25, nguvu yako ya kwanza inaishia kwenye mshipi, si kwa samaki. Sekunde hiyo moja inamtosha besi kugeuza kichwa na kuzunguka shina. Akishafanya hivyo, unapambana na mzizi.

Wa kusuka haurefuki kiasi cha kuhisi. Ukivuta, samaki anavutwa papo hapo. Tena ni mwembamba kwa nguvu yake: wa kilo 23, yaani ratili 50, huwa na unene wa kama milimita 0.36, sawa na nailoni ya kilo 5 au 6. Wembamba huo ukiwa umekazwa hupasua majani laini, wakati nailoni nene huyakunja na kuyakusanya mpaka yakawa tita. Kwa hiyo anayebadilisha nailoni ya kilo 6 kwa nailoni ya kilo 20 hatatui kitu; ameongeza nguvu na ameongeza kamba ya kufungia majani.

Watu wengine hukimbilia florokaboni kwa kuamini kwamba haivutiki. Huvutika, na si kwa tofauti kubwa na nailoni. Uzuri wake uko kwingine.

Kama tayari una mshipi wa kusuka na bado samaki anazama majanini, tazama breki ya rili. Kanuni ya kawaida ya kuweka breki kwenye robo au theluthi ya nguvu ya mshipi ni ya maji wazi. Ndani ya gugu maji breki hukazwa karibu ya mwisho, kwa sababu kila nusu mita utakayomwachia ataitumia kujifunga. Fimbo nayo iwe na mgongo. Fimbo laini inayopinda mpaka kwenye mpini itakurudishia ule ulegevu uliouacha kwenye nailoni.

Halafu kuna pembe. Ukivuta huku umeshusha fimbo pembeni, mshipi unakata majani kwa upana na kila shina linaongeza uzito. Inua fimbo, mlete samaki juu ya majani mapema, akishatoa kichwa mburute juu ya zulia la gugu bila kusimama. Akisimama, ndipo anapotumbukia.

Ameshazama tayari? Usivute kwa hasira. Kaza mshipi, mwombe mwenye mashua asogee juu yake, kisha fungua majani kwa mkono ukifuata mshipi kwenda chini. Besi wengi hutulia wakizungukwa na majani na utamkuta palepale. Usiingie majini kwa miguu kumfuata. Naivasha ina viboko, na kiboko hapigi honi.

Kuna tahadhari moja kwa waliokulia kwenye mshipi wa mkono. Ule mtindo wetu wa kuzungusha mshipi kwenye kiganja usiufanye na mshipi wa kusuka. Nailoni nene itakuachia alama nyekundu, huu mwembamba utaingia kwenye nyama. Zungusha kwenye kipande cha mti, au vaa glovu.

Dalili: mshipi unakatika

Kabla ya kulaumu duka, tafuta ile ncha iliyobaki na uisome. Ncha inasema mengi kuliko mvuvi.

Ncha iliyojikunja vizuri, yenye mikunjo midogo ya kuzunguka, haikukatika. Fundo limefunguka. Hili huwapata sana wanaohama kutoka nailoni kwenda mshipi wa kusuka huku wakiendelea na fundo lao la zamani la kuzungusha mara tano na kurudisha kwenye tundu. Plastiki ya mshipi huu inateleza mno, na fundo lile linashikilia kwa msuguano ambao haupo. Tumia palomari. Kunja mshipi uwe mara mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoana, funga fundo la kawaida kwa kitanzi hicho bila kukaza, halafu pitisha ndoana nzima ndani ya kitanzi. Lowesha kwa mate, kaza pande zote pamoja. Ni fundo jepesi na watoto wanaliweza. Acha mkia wa nusu sentimita. Kukata mkia karibu mno na fundo ni kuomba lifunguke.

Ncha iliyojikunja kidogo tu lakini imenyauka, nyeupe, kana kwamba imepitiwa na moto, ni ya florokaboni au nailoni iliyokazwa ikiwa kavu. Msuguano wa kukaza hutoa joto, na joto hilo hudhoofisha mshipi pale pale unapotegemewa. Florokaboni ndiyo huumia zaidi. Dawa ni kulowesha na kukaza polepole, si kwa kishindo.

Ncha yenye manyoya, nyuzi zimetawanyika, imesagika. Hapa chanzo hakiko majanini. Gugu maji ni laini, lina vikonyo vyenye hewa ndani, haliwezi kusaga mshipi. Tafuta mti. Migunga iliyosimama majini ina magome makavu na matawi yenye miiba, na mshipi wa kusuka, kwa nguvu zake zote, hauvumilii kuburutwa kwenye kitu kigumu huku umekazwa. Kila uzi wake ni mwembamba mno, ukikatika mmoja wenzake wanabeba mzigo wake na wanafuata. Hapa ndipo nailoni na florokaboni zinaposhinda. Unavua kwenye miti? Weka kipande cha florokaboni cha kilo 9 hadi 11 mbele ya mshipi wa kusuka, urefu wa mkono mmoja au miwili. Unavua kwenye mafunjo na gugu tupu? Kiondoe, nitaeleza kwa nini.

Kama kusagika kunatokea hata ukivua maji wazi, kagua pete za fimbo. Chukua donge la pamba, pitisha ndani ya kila pete. Pamba ikishika na kuacha nyuzi, kuna ufa. Fimbo zilizotumika baharini huwa na ufa zaidi, hasa ile pete ya nchani, na chumvi iliyokauka juu ya mshipi hufanya kazi ya kusaga kila unapotupa. Fimbo iliyotoka Likoni au Mtwapa ioshwe kwa maji ya bomba kabla ya kufungwa kwa safari ya bara, pamoja na rili na mshipi wenyewe.

Ncha ya nailoni iliyorefuka, ikawa nyembamba na ya rangi ya maziwa, imezidiwa nguvu. Hiyo ndiyo pekee inayotibiwa kwa kununua mshipi wa kilo nyingi zaidi. Watu hununua wa kilo nyingi kwa kila aina ya ncha, na ndiyo maana shida haziishi.

Kuna kukatika kwa namna nyingine, kunakotokea wakati wa kutupa, chambo kikaenda zake peke yake. Mshipi wa kusuka haupokei mshtuko, kwa hiyo ukijisokota kwenye rili katikati ya mtupo, chambo kizito kinaukata. Hilo ni tatizo la rili, lina sehemu yake hapo chini.

Dalili: besi anapasua maji, unavuta, chambo kinarudi kitupu

Chura wa mpira juu ya gugu maji ndio uvuvi mtamu kuliko wote, na ndio unaowatoa watu jasho. Besi hupasua majani kwa kishindo, mvuvi anashtuka na kuvuta hapohapo. Kwa nailoni ungeponea, kwa sababu ule urefukaji ungekuchelewesha. Kwa mshipi wa kusuka unamnyang'anya chambo mdomoni.

Mshipi hauna kosa hapa. Subiri uhisi uzito. Wengine huvuta pumzi moja kwanza. Mimi naona ni bora kutazama mshipi: ukianza kutembea kwenda upande au chini, vuta, na hapo uvute kwelikweli, kwa sababu ndoana za chura ni nene na zinahitaji kusukumwa. Ukiendelea kumkosa baada ya hapo, angalia mpira wa chura. Ukiwa mgumu, haubonyei na ndoana hazitokezi.

Dalili: chura anazama pua

Umefunga florokaboni. Inazama na inamvuta chura chini kwa kichwa. Badilisha uweke wa kusuka moja kwa moja. Kama tayari ni wa kusuka, chura ameingia maji. Mbonyeze mpaka yatoke.

Dalili: kila ukirudisha chambo kimebeba majani

Kwanza tazama yanaponasa. Yakiwa kwenye ndoana, tatizo ni chambo chako, wala usihangaike na mshipi. Chambo chenye ndoana tatu zilizo wazi, zile rapala za kuburuta baharini, hakina kazi ndani ya majani. Tumia mnyoo wa mpira ambao ncha ya ndoana imefichwa ndani ya mwili wake, mbele yake ukiweka risasi yenye umbo la tone la kupenya.

Yakiwa juu kidogo ya ndoana, yamejipanga mahali pamoja, ni fundo. Pale unapounganisha mshipi wa kusuka na kipande cha florokaboni panabaki kidonge, na kidonge hicho hukamata kila uzi wa mwani unaopita. Ndiyo sababu nimesema kwenye gugu na mafunjo kipande kiondoke. Ndani ya zulia la majani besi haoni mshipi. Anaona kivuli na msukosuko. Vile vyuma vya kuzunguka tunavyofunga baharini kuzuia mshipi usijisokote vina kosa hilohilo, tena vinabeba zaidi.

Yakiwa yamening'inia kwenye mshipi wote tangu ncha ya fimbo, ni upepo na wembamba wa majani yenyewe. Mshipi wa kusuka ni mwepesi, upepo wa alasiri huubeba na kuulaza juu ya mayungiyungi. Tupa kwa kufuata upepo, shusha ncha ya fimbo mara chambo kinapogusa maji, na ukaze mapema. Mwani laini wa nyuzinyuzi hauna dawa ya mshipi. Hama pale.

Dalili: rili inasumbua

Unazungusha mkono wa rili, breki umekaza mpaka mwisho, na bado samaki anachukua mshipi. Tazama bobini: mshipi wote unazunguka juu yake kwa pamoja. Mshipi wa kusuka umefungwa moja kwa moja kwenye chuma laini na unateleza. Breki yako ni nzima. Fungua yote, weka kwanza nailoni ya kutosha kufunika chuma, mizunguko kama kumi inatosha kushika, halafu unganisha wa kusuka juu yake. Mwenye bajeti ndogo aongeze nailoni zaidi chini, kwa sababu mita 100 za mshipi wa kusuka zinamtosha mvuvi wa besi, na bobini ya rili ya bahari inaweza kumeza mara tatu ya hizo.

Ukitupa, mshipi unasimama ghafla kwa kishindo: umechimba. Umeuzungusha ukiwa umelegea, kisha samaki au kisiki kikaukaza, tabaka la juu likazama ndani ya tabaka la chini. Uvute wote nje, urudishe ukiwa umebanwa kwa kitambaa kilicholowa. Mwembamba sana huchimba zaidi. Chini ya ratili 30 kwenye rili ya bobini inayozunguka ni kujitafutia kazi.

Kwenye rili ya bobini iliyosimama, ile ya kawaida ya kutupia, shida huwa ni mafundo ya upepo: mizunguko mitatu minne inatoka kwa mpigo na kujifunga. Chanzo ni bobini iliyojazwa mpaka ukingoni na mshipi unaorudi ukiwa umelegea. Acha nafasi ya milimita mbili au tatu kutoka ukingoni, na baada ya kila mtupo rudisha kile chuma cha kukamatia mshipi kwa mkono badala ya kuzungusha mkono wa rili, kisha vuta mshipi kidogo usilegee. Florokaboni nene kwenye rili hii ndiyo mbaya zaidi, haisahau umbo la bobini na inaruka yenyewe. Usiijaze rili nzima kwa florokaboni ukiwa na rili ya aina hii. Itumie kama kipande cha mbele tu.

Dalili: wapo, unawaona, hawagusi

Hapa ndipo maelezo mengi huanzia, na mimi nimeyaweka nyuma makusudi, kwa sababu kwenye majani mazito si sababu ya kawaida. Maji ya Naivasha mara nyingi yametibuka. Lakini ukivua ukingo wa majani, mahali pa wazi, asubuhi yenye maji safi, mshipi wa kusuka unaonekana kama kamba ya kuanikia nguo. Florokaboni hupindisha mwanga kwa kiasi kinachokaribia maji kuliko nailoni inavyofanya, kwa hiyo haionekani upesi. Unga kipande cha mita moja na nusu, cha kilo 7 hadi 9, kwa mafundo mawili ya uni, yaani ya kuzungusha ndani ya kitanzi, yanayotazamana: mizunguko minane upande wa mshipi wa kusuka, mitano upande wa florokaboni. Rangi ya mshipi wa kusuka, kijani au kahawia, hupauka baada ya muda. Kupauka peke yake si dalili ya udhaifu. Kalamu ya wino mzito ya kijani inarudisha rangi kwenye mita mbili za mwisho, na ni rahisi kuliko mshipi mpya.

Dalili: mshipi mpya, unakatika kama umeoza

Umekatika mikononi kabla hata ya kufika Naivasha. Chanzo kiko hapa hapa Mombasa.

Nailoni huliwa na jua. Bobini iliyoning'inizwa nje ya duka miezi kadhaa, ikipigwa na jua la pwani kuanzia asubuhi hadi alasiri, imeshazeeka ingawa karatasi yake bado inang'aa. Ile iliyobaki kwenye rili juu ya paa la gari au sebuleni karibu na dirisha imepata hali hiyohiyo. Chomoa kipande, funga fundo la kawaida katikati, vuta polepole kwa mikono miwili. Kikikatika kwa urahisi usiotarajia kwa kilo zilizoandikwa, rudisha bobini hiyo ulikoikuta. Paka kidole juu yake pia: ukihisi unga au ukavu wa kukwaruza, achana nao. Omba bobini ya ndani, ya kwenye kabati. Mshipi wa kusuka na florokaboni huvumilia jua zaidi.

Halafu kuna suala la kipimo. Mazungumzo haya utayasikia Mji wa Kale, na Kongowea hayana tofauti:

"Ami, huu wa kilo ngapi?"

"Wa nguvu huo, mwanangu."

"Nguvu ngapi, ami?"

"Wa papa."

Papa si kipimo. Soma unene kwa milimita kwenye lebo, maana kilo zilizoandikwa kwenye mishipi ya bei rahisi mara nyingi ni za matumaini. Nailoni ya milimita 0.35 inayodai kubeba kilo 25 inadanganya. Unene huo kwa nailoni ya kawaida ni wa kilo 6 hadi 8. Kwa mshipi wa kusuka, ule unaodai ratili 80 lakini ni mnene kama uzi wa kushonea viatu, una nyuzi chache zilizosukwa ovyo. Upitishe kati ya kucha mbili. Uliosukwa kwa nyuzi nane hupita kimya, wa nyuzi nne unakwaruza kidogo na unatosha kabisa kwa majani, tena ni wa bei nafuu. Uliosukwa vibaya una mabonde.

Ratili na kilo nazo huwachanganya wengi. Ratili 50 ni kilo 23, si kilo 50. Bobini nyingi zinaandika namba ya ratili kwa herufi kubwa na kilo kwa herufi ndogo pembeni, na muuzaji husoma ile kubwa.

Kuna wanaouliza kama nailoni inaruhusiwa, wakiwa wamesikia mono imepigwa marufuku Kenya. Marufuku hiyo ni ya nyavu za uzi mmoja. Mshipi wa ndoana moja hauhusiki. Kibali cha kuvua samaki kwa fimbo ni jambo lingine. Kiulize kwenye ofisi ya uvuvi ya Naivasha kabla ya kukodi mashua, na uulize pia kama ziwa limefungwa kwa msimu.

Ukiwa na pesa za bobini moja tu

Nunua mshipi wa kusuka wa ratili 50, mita 100 au 150, rangi ya kijani iliyokolea. Ukivua mahali gugu limesongamana kiasi cha ndege kutembea juu yake, ratili 65 ni bora, lakini 50 itafanya kazi pande zote mbili na 65 itakusumbua kwenye rili ndogo. Chini yake jaza nailoni yako ya zamani, ile ya kuvulia changu, kwa kuwa huko chini haitaguswa na samaki wala jua. Pesa zikibaki, mwombe muuzaji akukatie mita kumi za florokaboni ya ratili 20. Wengine hukubali, na mita kumi ni vipande vya siku kadhaa.

Asiyepata mshipi wa kusuka asikae nyumbani. Achukue nailoni ya milimita 0.40 hivi, aivute kwa mikono mita chache chache kabla ya kuanza ili ipungue kurefuka kule kwa mwanzo, avue karibu, mita kumi au kumi na mbili, ukingoni mwa majani badala ya ndani. Kwa umbali huo nailoni haina urefu wa kutosha kukuangusha. Fundo lifungwe upya kila baada ya samaki mmoja au kila lilipopita kwenye mti, kwa sababu nailoni hunywa maji na kulegea kadiri siku inavyokwenda.

Vipande unavyokata usiviache ziwani. Mshipi wa kusuka hauozi kwa umri wa mtu, na furukombe na ndege wengine wa pale hushika chochote kinachoelea. Chupa ya maji tupu yenye kifuniko inatosha kubeba takataka zote za siku, na ukirudi Mombasa vikate vipandevipande vifupi kabla ya kuvitupa.